Je, wajua kwa nini taa za gari hufifia hata betri ikiwa nzima?

Umebadilisha balbu, betri ni mpya, injini inanguruma, lakini taa za mbele bado zina mwanga wa njano kama kibatari. Wengi wakifika hapo hununua balbu zenye wati nyingi zaidi. Tafadhali usifanye hivyo kabla hujajua umeme wako unapotelea wapi. Mara nyingi balbu haina kosa. Umeme unaishia njiani.

Katika magari mengi ya zamani, umeme wa taa hutoka kwenye betri, huingia ndani mpaka kwenye swichi ya usukani, kisha hurudi mbele kwenye taa. Ni safari ndefu ya waya mwembamba, yenye soketi zilizoanza kuingia kutu na swichi iliyobonyezwa maelfu ya mara. Balbu mbili za wati 55 kila moja hula karibu ampea 9. Tuseme njia nzima ina ukinzani wa ohmu 0.2 tu. Zidisha kwa 9: volti 1.8 zimepotea. Alteneta, jenereta ya gari, inatoa volti 13.8, balbu inapokea 12.

Volti hizo mbili kasoro unaweza kuzipuuza, lakini balbu ya uzi haizipuuzi. Mwanga wake haushuki sambamba na volti. Hushuka kwa kasi zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Ukipoteza asilimia 13 ya volti, mwanga unapungua kwa zaidi ya theluthi. Na umeme uliopotea haukutoweka, umegeuka joto, zaidi ya wati 16, na sehemu yake huishia ndani ya swichi. Ndiyo maana swichi za taa huwa za moto mkononi na plastiki yake hugeuka rangi ya kahawia.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na ni wazo la zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1835 Mmarekani Joseph Henry alitumia umeme hafifu uliofika mwisho wa waya mrefu kuvuta sumaku, na sumaku hiyo ikaongoza umeme mwingine wenye nguvu. Kwenye gari ni hivyo hivyo. Koili ya rilei, waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita, inahitaji takriban ampea 0.15, na kiasi hicho kikipita kwenye njia ile ile chakavu hakipotezi kitu cha maana. Swichi inabaki kutoa amri tu. Umeme wenyewe unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa kwa waya mnene na mfupi.

Chini ya rilei kuna namba. 85 na 86 ni ncha mbili za koili. 30 inapokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwenye taa. Ukiona 87a, hiyo imeungana na 30 wakati rilei imelala, kwa hiyo ukiipeleka kwenye taa, zitawaka ukizima swichi na kuzimika ukiiwasha. Fuata namba, usifuate mahali pini ilipo, maana kuna rilei ambazo 30 na 86 zimebadilishana nafasi. Taa za karibu zipate rilei yake, za mbali yake. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwani waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi wowote ukigusa bodi ya gari, ambayo imeungana na hasi ya betri. Mimi hupendelea fyuzi mbili, ya kulia na ya kushoto, ili hitilafu ya upande mmoja isikuache gizani ukiwa katikati ya mwendo.

Tahadhari moja: katika baadhi ya magari, yakiwemo mengi ya Kijapani, swichi ya taa hukata upande wa hasi. Hapo 86 hupewa chanya na 85 huenda kwenye swichi. Pima kwanza ndipo ukate waya. Na kama taa zinaongozwa na kompyuta ya gari, usiongeze rilei kwa kubahatisha.

Ikigoma, tumia sikio kwanza. Weka kidole juu ya rilei, mwenzako awashe taa. Usiposikia "tik", angalia upande wa koili: swichi, waya wa amri, hasi ya 85. Ikilia "tik" na taa haziwaki, angalia fyuzi, 30, 87 na bodi. Niliwahi kufungua kifuniko cha rilei iliyokuwa ikilia vizuri kabisa. Viguso vyake, vinavyounganisha 30 na 87, vilikuwa vyeusi, vimechimbika kama jino bovu. Kulia kwake kulithibitisha koili tu.

Kosa linalowapoteza hata mafundi ni kupima soketi ikiwa imechomolewa kwenye balbu. Maltimita, kile kipimo cha umeme, haivuti umeme wa maana, basi hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha volti kamili. Pima taa zikiwa zinawaka: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya balbu. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea. Ikizidi 0.5, sogeza ncha hatua kwa hatua kuelekea betri mpaka namba ianguke ghafla. Kasoro iko kati ya hatua hizo mbili. Kisha rudia upande wa pili, hasi ya balbu hadi hasi ya betri. Upande huu husahaulika sana, na mara nyingine kazi yote inaishia kwenye boliti moja ya bodi iliyopakwa rangi: ikwangue mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena.