Presha ya ukoo: hasa tunarithi nini?

Kliniki yetu ya presha hapa Unguja haipiti wiki sijasikia kauli mbili. Moja ni ya mama mtu mzima: "Dakitari, hii kwetu ya ukoo, nitaikimbilia wapi?" Nyengine ni ya kijana aliyepimwa akakutwa na 170 kwa 105: "Lakini kwetu hakuna mwenye presha." Zinaonekana kupingana, ila zote zimesimama juu ya dhana moja, kwamba iko jeni ya presha, ama umeipata ama umeikosa.

Jeni hiyo haipo. Tafiti za pacha na za familia zinakadiria kuwa asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha baina ya watu zinatokana na urithi. (Hii haina maana kuwa nusu ya 160 yako kakupa baba.) Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa zaidi ya watu milioni 1, ukafikisha sehemu za vinasaba zinazohusika na presha kuwa 901, na idadi imezidi kupanda tangu hapo. Nyingi ya sehemu hizo, kila moja peke yake haisogezi presha hata kwa milimita 1 ya zebaki. Ni mchango wa harusi: hakuna aliyetoa ng'ombe, kila mtu katia noti yake, na watu wakala pilau wakashiba. Na kila mtoto hupata mchanganyiko wake; ndiyo maana ndugu wa baba mmoja mama mmoja, huyu anameza vidonge vitatu na yule yuko salama.

Yapo maradhi machache ambayo jeni moja inatosha. Ugonjwa wa Liddle, ulioelezwa mwaka 1963, humpa kijana presha kali na potasiamu (madini ya mwilini) ya chini kwenye damu kwa sababu njia ya kupitishia sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ndani ya figo haifungi inavyotakiwa. Chumvi iliyokuwa itoke na mkojo inarejea mwilini. Ni maradhi ya nadra sana, na pengine wewe unayesoma hutamwona mgonjwa wake maisha yako yote. Nimeyataja kwa sababu karibu kila ugonjwa wa presha wa jeni moja uliokwisha kugunduliwa unapita njia hiyohiyo: figo na namna linavyoshughulika na chumvi.

Na chumvi tunaila. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hesabu papa mkavu au ng'onda wa mchana, achari pembeni, embe bichi la chumvi na pilipili saa kumi, kisha urojo jioni. Kijiko kimeshajaa zamani.

Utafiti ninaopenda kuwatajia wagonjwa ulifanyika Kenya, ukachapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Presha za waliohama zilipanda mapema tu baada ya kufika mjini. Sodiamu kwenye mkojo ilizidi, dalili ya kula chumvi zaidi, potasiamu ikapungua, uzito ukaongezeka. Jeni zao zilikuwa zilezile walizotoka nazo nyumbani.

Wengine huniuliza kama damu ya Kishirazi au ya Kingazija ndiyo yenye presha. Mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya mifupa ya kale ya watu wa pwani, wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Kilwa, ikaonekana upande wa wanawake ni wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa wanaume una asili nyingi ya Uajemi. Tumechanganyika kwa karne nyingi, kwa hiyo kuutaja ukoo kwa jina hakuniambii presha yako. Hata vipimo vinavyouzwa mitandaoni, vinavyojumlisha jeni zako na kukupa maksi za hatari, vimejengwa zaidi kwa takwimu za Wazungu, na kwa Waafrika hubahatisha. Pesa hizo nunua mashine ya kupimia presha, ile ya mkono wa juu.

Kwenye moyo hadithi inabadilika kidogo, maana hapo jeni moja inaweza kuua. Kolesteroli ya kurithi, yaani mafuta ya damu kuwa juu tangu kuzaliwa kwa sababu ya jeni moja, humpata takriban mtu 1 katika kila 300, na mzazi mwenye nayo ana nafasi ya nusu kwa nusu kumpa kila mtoto. Baadhi yao huota vinundu kwenye kano ya kisigino. Ndoa za watoto wa ami haziongezi sana presha ya kawaida, lakini hapa zina uzito: wazazi wote wawili wakiwa na jeni hii, mtoto anaweza kuchukua nakala mbili na kupata maradhi ya moyo angali skuli. Na jeni si za balaa tu. Mwaka 2006 ilionekana kuwa asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa wana jeni iliyozimika iitwayo PCSK9, ambayo ikifanya kazi huzuia ini kuondoa kolesteroli kwenye damu. Kolesteroli yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Dawa za sindano zinazoizuia PCSK9 zilifuata.

Kwa hiyo ukija kliniki, usiishie kwenye "baba alikuwa na presha." Baba aliyeanza vidonge na miaka 70 hanifahamishi mengi. Aliyeanza na 35 ananifahamisha sana. Vifo vyetu navyo husimuliwa kwa mafumbo: "alikwenda kuoga akaanguka", "alilala hakuamka". Nitakuuliza alikuwa na umri gani, mdomo ulikwenda upande, alilalamika kifua? Baba au kaka aliyepata maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, hiyo ndiyo mipaka tunayoiangalia. Mwenye jamaa wa namna hiyo apimwe kolesteroli, na presha aanze kupimwa hata kama ana miaka 20: akae dakika 5, mkono uegemee meza, na asiwe ametoka barazani kunywa kahawa.