Star Trek na wanawe: nani amepewa zamu ya kusema?

Kazi yangu ni ukalimani. Siku nyingi za mwaka utanikuta ndani ya kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi wa mikutano, vipokea sauti masikioni, nikisema maneno ya mtu mwingine kwa zamu ya nusu saa na mwenzangu. Labda ndiyo maana, tangu siku niliyoiona Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, kwenye kanda za video alizotuletea mjomba wangu baharia, macho yangu hayakwenda kwa nahodha. Yalikwenda kwa dada aliyekaa nyuma yake, mwenye kidude kinachong'aa sikioni, anayepokea salamu za walimwengu wote na kuzipeleka kwa mwingine ajibu.

Luteni Uhura. Jina lake limechongwa kutoka neno letu, uhuru. Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili na kitabu chenye jina hilo mkononi, wakalipenda, wakaligeuza kidogo. Jina lake la kwanza, Nyota, lilisubiri hadi filamu ya mwaka 2009 ndipo likatamkwa kwenye skrini.

Tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kipindi cha kwanza kabisa, "The Man Trap". Mapema katika kipindi hicho Uhura anamlalamikia Spock, afisa mwenzake chomboni, kwamba akilisikia neno "masafa" mara moja zaidi, atalia. Kipindi cha kwanza tu, na mwanamke tayari amechoka kufungulia wengine njia ya kuongea. Baadaye anakutana kwenye ujia na kijana mweusi mwenye sare, na kijana huyo anamsemesha kwa Kiswahili. Matamshi ni ya kigeni, lakini ni Kiswahili, na uso wa Uhura unafunguka. Kumbe si kijana. Ni kiumbe kinachoua watu kwa kufyonza chumvi mwilini, na kimesoma mawazo yake ili kimnase. Mara ya kwanza lugha yetu kusikika angani ilikuwa mtego.

Tamthilia hiyo ilikwenda misimu mitatu, vipindi 79, na kwa sehemu kubwa Uhura alibaki na masafa yake. Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Alibaki, na baadaye akaisaidia NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kuwa wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alikuwa akianza zamu zake huko juu kwa maneno yale yale ya Uhura ya kutangaza kwamba masafa yamefunguliwa. Maneno yaliyomchosha Uhura yalimwita mtu mwingine akayafanye kweli.

Nimeyaanza mbali kwa sababu watu huniuliza mara kwa mara ipi bora kati ya tamthilia tanzu za Star Trek, zile zilizozaliwa na hii ya kwanza. Sasa ni nyingi, na wengi huzipima kwa vita, kwa mavazi, au kwa jinsi sura za zamani zinavyorudi. Mimi huuliza jambo moja tu: huyu mtoto amempa nani zamu ya kusema ambaye mama yake alimpita?

The Next Generation, ya mwaka 1987, ilisuasua misimu miwili. Ilipopata miguu ilitupa "Darmok", kipindi ambacho kila mkalimani anapaswa kukiona. Kuna watu wanaoitwa Watamaria. Katika miaka 100 wamekutana na vyombo vya Shirikisho, umoja wa sayari ambao mashujaa wetu huutumikia, mara saba, na kila mara wameonekana hawaeleweki. Kifaa cha tafsiri kinatafsiri maneno yao yote, na bado hakuna maana, kwa sababu wao husema kwa visa: wanataja jina la mtu na mahali, na aliyekijua kisa amekwisha kuelewa. Wenzangu wa nje hukiona kipindi hiki kama fumbo gumu. Sisi tuna kanga. Mwanamke anapita mbele ya jirani na maneno manne kiunoni, hakufungua mdomo, na ugomvi umekwisha kuanza. Nilipomwona Picard, nahodha wa tamthilia hiyo, usiku ule, kando ya moto, akimsimulia nahodha wa Kitamaria anayekata roho kisa cha Gilgamesh na rafiki yake, nilijua kwamba mwandishi amefahamu kitu ambacho kamusi hazikifikii. Kosa halikuwa la Watamaria miaka yote hiyo.

Lakini moyo wangu uko Deep Space Nine, na hapa nitakaa.

Ilianza Januari 1993 ikaisha Juni 1999, vipindi 176. Tofauti yake na mama inasemeka kwa neno moja: haiondoki. Chombo cha Enterprise hufika kwenye sayari, hutatua jambo, huaga. Yaliyobaki nyuma hatuyaoni. Deep Space Nine ni kituo kilichotia nanga karibu na Bajor, sayari iliyotoka kukaliwa kimabavu na Cardassia kwa nusu karne, na kituo chenyewe kilijengwa na wakoloni hao kwa jasho la Wabajor waliotiwa shokoa. Ukikosana na mtu leo, kesho utakutana naye kwenye baa ya Quark. Anayetoa amri ni Benjamin Sisko, mjane anayelea mtoto wa kiume, mhusika mkuu wa kwanza mweusi katika tamthilia hizi, akiigizwa na Avery Brooks. Msaidizi wake ni Kira Nerys, Mbajor aliyekulia msituni na bunduki, ambaye sasa anatakiwa kukaa mezani na kujaza fomu.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza kuna kipindi kiitwacho "Duet". Mcardassia mmoja anashuka kituoni akiwa mgonjwa, na ugonjwa wake haupatikani popote isipokuwa kambi ya Gallitep, ambako ajali ya mgodi iliwapata waliokuwapo. Kira alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuikomboa kambi ile. Anamtia ndani. Mzee anasema yeye ni Marritza tu, karani wa masjala, alipanga mafaili. Kisha picha ya zamani inaonyesha kwamba sura yake ni ya Gul Darhe'el, kamanda wa kambi, na mzee anabadilika palepale: anajigamba, anahesabu waliokufa, anamcheka Kira usoni. Karibu kipindi chote ni watu wawili na chumba cha mahabusu.

Kira hatulii. Anachimba, na anagundua kwamba Darhe'el amekwisha kufa na kuzikwa. Anarudi chumbani na ukweli huo, na Harris Yulin, aliyemwigiza mzee, anaanza kuvunjika kidogo kidogo. Anaendelea kujigamba, lakini sauti inamkimbia. Anamzungumzia karani yule kwa dharau, kwamba alikuwa mwoga, usiku alijiziba masikio asisikie watu wakilia. Na katikati ya kumdharau karani anaangua kilio, kwa sababu karani ni yeye. Alijibadilisha uso kwa upasuaji ili akamatwe, ahukumiwe na anyongwe kwa jina la kamanda, Cardassia ilazimike kukiri ilichotenda. Kira anamfungulia mlango. Wanatoka wakitembea pamoja, na Mbajor mmoja mlevi anamchoma mzee kisu mgongoni. Kira anauliza kwa nini, maana huyu siye Darhe'el. Yule anajibu kwamba ni Mcardassia, inatosha. Na Kira, ambaye mwanzoni mwa kipindi angesema vivyo hivyo, anasema hapana, haitoshi.

Nimekitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Katika kazi yangu nimewahi kuketi kibandani nikitafsiri ushuhuda wa watu walioona mabaya, na najua jinsi mtu anavyoanza kusema "wao" kisha ghafla "mimi". Waandishi wa "Duet" walilijua hilo. Enterprise isingeweza kutupa kipindi hiki, ingekuwa imekwishaondoka.

Miaka mitano baadaye, Februari 1998, Brooks aliongoza mwenyewe "Far Beyond the Stars". Sisko anajiona yuko New York mwaka 1953, jina lake Benny Russell, mwandishi wa hadithi za kisayansi katika gazeti ambalo wasomaji wake hawajui kwamba yeye ni mweusi. Anaandika hadithi ya kituo cha angani kinachoongozwa na mtu mweusi. Wenzake wanaisifu, mhariri anakataa, wanakubaliana iandikwe kuwa ni ndoto, na mwenye gazeti anaamua toleo zima lisagwe. Benny anafukuzwa kazi. Waigizaji tuliozoea kuwaona ndani ya masikio na mapua ya bandia wako hapa na nyuso zao halisi. Benny anapoanguka ofisini akilia kwamba kituo kile kipo, kipo kichwani mwake, na hakuna awezaye kukisaga, unamwona Uhura wa 1966 na kiti chake. Hapa mtoto alimtazama mama usoni na kumwambia yaliyomfanya anyamaze.

Hata mwisho wake ulikuwa na la kusema. Katika kipindi cha mwisho Sisko anaitwa na manabii wa Bajor na anamwacha mkewe mjamzito. Brooks alipinga picha ya baba mweusi anayetoweka na kuiacha familia, akaomba tukio lirekebishwe, na ndiyo maana Sisko tunayemwona anaahidi kurudi.

Nyingine nitazipitia haraka. Voyager, ya 1995, ilikuwa na mbegu nzuri sana: chombo kimetupwa safari ya miaka 75 mbali na nyumbani, na ndani yake makundi mawili ya maadui lazima yalale chini ya paa moja. Lakini uadui uliisha baada ya vipindi vichache, na kila wiki chombo kilikuwa kipya. Mwanzoni tuliambiwa kuna makombora 38 na hakuna namna ya kupata mengine. Mashabiki walihesabu yaliyorushwa yakapita idadi hiyo kwa mbali. Kilichoiokoa ni Janeway wa Kate Mulgrew, na Seven of Nine, mwanamke aliyetolewa katika kundi la viumbe wanaofikiri kwa akili moja, aliyekuja mwaka 1997 na kulazimika kujifunza upya kusema "mimi".

Enterprise, ya 2001, ilikufa mwaka 2005 ikiwa na vipindi 98, na sijasahau ilivyoagwa. Kipindi chake cha mwisho kiligeuzwa kuwa mchezo wanaoutazama Riker na Troi wa The Next Generation. Watu wamefanya kazi miaka minne, na siku ya kuaga kwao mama anakuja kukalia kiti chao. Wahenga walisema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Huyu hakuwahi kuteremshwa mgongoni. Tamthilia ya Picard, katika msimu wake wa tatu mwaka 2023, ilifanya jambo la jamaa hiyo kwa upole zaidi. Waliijenga upya sehemu ya usukani ya Enterprise ya zamani na kuwakusanya wahusika wa The Next Generation. Nililia, sioni haya kulisema. Lakini nililia kwa kumbukumbu zangu. Watu wale walikuwa wamekwisha kusema.

Discovery, ya 2017, ilimweka Sonequa Martin-Green mbele, na hilo lilikuwa jema. Nyuma yake, hata hivyo, alikaa afisa Owosekun, na mwenzake Detmer kando yake, msimu baada ya msimu, nasi tukijua majina yao na mengine machache. Makosa ya 1966 yalirudiwa na watu waliompenda Uhura kwa dhati. Lower Decks ni kama ililiona hilo: vipindi 50 vya katuni kuhusu vijana wa vyeo vya chini, wale ambao tamthilia nyingine huwapita. Ni vichekesho, na ndani ya vichekesho hivyo kuna heshima kubwa kwa anayefagia.

Uhura mwenyewe aliteremshwa mgongoni mwaka 2022, katika Strange New Worlds, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Katika kipindi cha pili anaketi mezani kwa nahodha Pike na kueleza kwamba amekulia Kenya, nchi ya lugha nyingi, akatamani kuongea na kila mtu kwa lugha ya kwao. Anazijua 37. Kisha anashuka kwenye nyotamkia ambayo hakuna anayeweza kuisemesha, na inamjibu anapoimba kwa kuguna, polepole, kama mtu afanyavyo kazini bila kujisikia.

Mwisho ni Prodigy, katuni ya 2021 ambayo watu wazima wengi waliipita kwa kuwa ni ya watoto. Kwenye mgodi wa Tars Lamora wafungwa wamenyimwa vifaa vya tafsiri makusudi, wasije wakaelewana wakaasi. Mmoja wao ni Rok-Tahk, jabali la kiumbe, anayenguruma tu, na kila mtu anamwogopa. Wanakipata chombo kilichofukiwa, kifaa cha tafsiri kinawaka, na katika mngurumo ule inatoka sauti ya mtoto wa kike mdogo. Alikuwa akizungumza muda wote.

Mwaka 2023 Paramount+ iliiondoa tamthilia hiyo kwenye huduma yake; mashabiki wakapiga kelele, Netflix ikaichukua, na msimu wa pili ukatoka 2024. Kwa sababu ya mwili wake, wenzake walimpa Rok-Tahk kazi ya ulinzi. Alipopata kusema, alisema haitaki. Alichagua sayansi, ya viumbe hai.