Seimaibuai: namba ya kusoma kwanza kwenye chupa ya sake

Ukishika chupa ya sake kwa mara ya kwanza, utaona maandishi ya Kijapani yamejaa, na katikati yake namba unayoweza kuisoma: 70%, 60%, 50%, pengine hata 23%. Wengi hudhani ni kiwango cha kilevi. Sivyo. Kilevi cha sake kwa kawaida ni asilimia 15 au 16. Namba ile huitwa seimaibuai, yaani kiasi cha punje ya mchele kilichobaki baada ya kukobolewa. Ukiielewa, unajua kabla ya kufungua chupa ladha inaelekea wapi, na kama ni ya kunywa baridi au ya kupasha moto.

Tuanze na jina. Kwa Wajapani, sake ni kileo cha aina yoyote, bia ikiwemo. Hiki tunachokiita sake wao hukiita nihonshu, kileo cha Japani. Nje ya Japani kimezoeleka kuitwa mvinyo wa mchele, jina ambalo mimi silikubali, kwa sababu zabibu huja na sukari yake, ila mchele una wanga, na wanga hauchachuki mpaka kwanza ugeuzwe kuwa sukari. Wapika mbege na busaa wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana hawaachi kutia kimea. Wajapani hawatumii kimea. Wao huotesha ukungu uitwao koji juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Koji hutengeneza sukari, hamira inaila sukari hiyo na kutoa kilevi, na kazi zote mbili huendelea kwa wakati mmoja ndani ya chombo kimoja. Kwa njia hiyo kilevi kinaweza kukaribia asilimia 20 kabla ya kuongezwa maji.

Sasa turudi kwenye punje. Mchele tunaopika nyumbani hupoteza takribani sehemu moja ya kumi tu unapokobolewa. Mchele wa sake hukobolewa zaidi ya hapo, kwa sababu mafuta na protini vimekaa upande wa nje, na wanga umejaa ndani. Ukichukua mchele mzuri wa sake kama Yamada Nishiki, unaosifika sana mkoa wa Hyogo, utaona katikati ya punje doa jeupe kama chokaa. Hapo ndipo mpishi anapopataka. Kukoboa kunafanywa polepole ili punje isipate joto na kupasuka, na kufikia nusu yake kunaweza kuchukua siku mbili nzima.

Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, punje imekobolewa zaidi. Sake ya asilimia 60 au chini inaweza kuitwa ginjo. Ya 50 au chini, daiginjo. Hizi, zikichachushwa kwa baridi, hunukia matunda: tufaha, tikiti, na mara nyingi ndizi mbivu kabisa. Honjozo ni aina ambayo namba yake haizidi 70, na hutiwa pombe kali kidogo kabla ya kukamuliwa. Neno junmai likiwepo, maana yake hakuna pombe iliyoongezwa. Ni mchele, koji, maji na hamira tu. Junmai nayo ilikuwa na kikomo cha 70, lakini kiliondolewa mwaka 2004.

Hapa watu wengi hukosea, wakidhani namba ndogo ndiyo sake bora. Namba ndogo ni sake ya gharama, kwa kuwa mchele mwingi umegeuka unga na kazi imekuwa ndefu. Utamu wa kinywani ni habari nyingine. Protini zile zinazoondolewa ndizo zinazoleta ladha nzito, inayokaa, ile ya mchuzi uliochemka ukaiva. Junmai ya 70 iliyopikwa kwa mtindo wa zamani wa kimoto, ambapo bakteria wa asidi ya maziwa huachwa wajiotee wenyewe, ina ukali wa mbali kama wa mtindi. Kwa samaki wa kuchoma, mimi naichagua hiyo kabla ya daiginjo.

Wanaoonja kwa kazi hutumia kikombe cheupe cha kauri chenye duara mbili za buluu chini. Kwenye weupe wanaangalia rangi, kama sake ina umanjano au haina. Kwenye ukingo wa buluu wanaona kama ni angavu au ina ukungu. Kisha wananusa, wanachukua funda dogo, wanavuta hewa kidogo kupitia kwenye sake iliyo mdomoni, wanatema. Wewe nyumbani usiteme, ila fuata yaliyobaki.

Kisha kuna joto. Wajapani wana majina yake: nyuzi 5 ni baridi ya theluji, 10 baridi ya maua, 35 joto la ngozi ya mtu, 40 vuguvugu, 50 moto. Daiginjo inapendeza kwenye baridi ya maua. Ukiipasha, harufu ile ya matunda inakimbia na mvuke. Ile ambayo haikupashwa moto hata kidogo kiwandani ili kuua vijidudu, namazake, weka kwenye friji na uinywe mapema. Junmai nzito ndiyo inayobadilika mpaka ukashangaa: ikiwa baridi inajifunga, ikifika 40 au 45 inafunguka, na utamu wa wali unatoka.

Kuipasha, usiiweke juu ya moto. Chemsha maji, zima jiko, kisha simamisha kichupa cha udongo humo, maji yafike shingoni. Baada ya dakika mbili tatu kinyanyue na uguse kitako chake kwa kidole. Kikikuchoma kidogo tu, mimina.