Kwa nini kwenda New York huchukua muda mrefu kuliko kurudi Nairobi?

Kati ya Nairobi na New York kuna takriban kilomita 11,800, uende au urudi. Hata hivyo, Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Saa moja imeliwa na nani?

Jibu la haraka, ambalo wengi wetu tumewahi kulitoa kwa kujiamini, ni mzunguko wa dunia. Lingekuwa sahihi, kwenda ndiko kungekuwa kwepesi: dunia huzunguka kuelekea mashariki, basi New York ingekuwa inakuja kumlaki rubani. Tena ingekuja mbio, maana ardhi ya ikweta hukimbia kilomita 1,670 hivi kwa saa, kuliko ndege yenyewe. Helikopta ingeinuka Kisumu, itulie hewani saa moja na dakika chache, ishuke Mbandaka, Kongo, bila kusogea. Nauli ingekuwa rahisi sana.

Haiwi hivyo kwa sababu hewa huzunguka pamoja na ardhi. Nzi akiruka ndani ya matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa habamizwi kwenye kioo cha nyuma. Hewa anayorukia imepanda gari hilohilo. Ndege ni nzi huyo.

Mlaji ni upepo. Kilomita 9 hadi 12 juu ya Atlantiki ya Kaskazini hupita mkondo wa jeti, unaovuma kuelekea mashariki. Chukua kipande cha kilomita 3,000, ndege yenye mwendo wa 900 kwa saa, na upepo wa 150. Kwenda inabaki na 750: saa 4. Kurudi inapata 1,050: saa 2 na dakika 51. Kioja ni kwamba bila upepo, kwenda na kurudi kungechukua saa 6 na dakika 40. Kwa upepo ni saa 6 na dakika 51. Upepo haurudishi chote ulichokula, kwa kuwa hukuzuia kwa muda mrefu kuliko unavyokusukuma.

Hesabu hii ni ya mfano tu. Mkondo huhama kila siku na hupata nguvu zaidi majira ya baridi. Februari 2020 uliisukuma ndege ya British Airways kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita kilomita 1,300 kwa saa juu ya ardhi. Haikuipita kasi ya sauti: ndani ya hewa iliyoibeba, mwendo wake ulikuwa wa kawaida.

Mzunguko wa dunia nao umo, ila kwa mlango wa nyuma: ndio unaopinda hewa itokayo tropiki ikielekea kaskazini, ikageuka kuwa upepo huo.

Usipime safari kwa saa za tiketi, maana kila mji huandikiwa saa yake. Ukiondoka Nairobi saa 6 usiku mwezi Januari, unafika saa 1 asubuhi, kana kwamba umeruka saa 7. Ongeza 8 za tofauti ya majira, upate 15. Julai ongeza 7 tu, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele.