Makaratasi yanaokoa watu: dhana potofu kuhusu uhandisi wa ulinzi

Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja na bahasha ya vyeti. Hata shikamoo haijapoa, akasema: "Injinia, mimi nataka uhandisi wa ulinzi, ila usimamizi hapana. Nisije nikaishia kusukuma makaratasi." Nimeshasikia maneno hayo mara nyingi mno, na kila anayeyasema hudhani kayasema yeye wa kwanza. Kichwani mwake wapo watu wa aina mbili: wanaobuni makombora, na walioshindwa kubuni wakapewa meza.

Nilimkalisha nikampa habari ya Dhahran.

Februari 1991, Vita vya Ghuba, Wamarekani wanalinda mji huo wa Saudi Arabia kwa Patriot, mtambo wa kutungua makombora yakiwa angani. Kompyuta yake inahesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Bahati mbaya, moja ya kumi haiandikiki kamili kwa sifuri na moja. Kwenye rejista ya biti 24, yaani nafasi ya tarakimu 24 tu ndani ya kompyuta, mkia wake unakatwa. Kinachopotea ni kidogo mno, lakini kinajumlika. Mtambo ulipopita saa 100 bila kuzimwa, saa yake ilikuwa imekosea theluthi ya sekunde, na kwa muda huo kombora la Skadi la Iraq linakwenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu. Tarehe 25 kombora likaanguka kwenye kambi, wanajeshi 28 wa Marekani wakafa.

Hapo ndipo vijana hutikisa kichwa wakasema, ona, walihitaji wabunifu wazuri zaidi. Hapana, hitilafu ilishajulikana! Waisraeli, waliokuwa nao wakitumia Patriot, walitoa takwimu tarehe 11. Programu iliyorekebishwa ilitoka tarehe 16. Tarehe 21 vikosi vikatumiwa ujumbe kwamba kuuacha mtambo ukifanya kazi kwa muda mrefu sana kunaweza kuharibu ulengaji. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Haukusema. Waliouandika walidhani hakuna kikosi kitakachouacha mtambo ukiwaka muda wote huo, wakati kuuzima na kuuwasha, jambo la dakika moja au mbili, kungeirudisha saa kwenye sifuri. Programu mpya ilitua Dhahran tarehe 26.

Wabunifu walishamaliza kazi yao siku 9 kabla ya maafa. Kilichobaki kilikuwa makaratasi: nani aambiwe, kwa maneno gani, na programu ipande ndege ipi. Hiyo ndiyo kazi ya meneja wa uhandisi, na mtu asiyejua rejista ya biti 24 ni kitu gani hawezi kuifanya.

Mimi sikufundishwa na kombora, nilifundishwa na sili ya oili, ile pete inayozuia oili isivuje kwenye shafti. Nilikuwa kijana kwenye karakana moja, malori yanavuja, nikasaini agizo la sili 40. Zilipofika, koplo wa stoo akaichukua moja, akaivisha kwenye shafti, akaizungusha kwa kidole. "Injinia, hii inacheza kama pete ya bibi kwenye kidole cha mtoto." Mtengenezaji alishabadilisha kipenyo cha shafti, na kitabu cha vipuri nilichotumia kilikuwa toleo la zamani. Tarehe ya toleo ilikuwa palepale, kwenye kona ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Malori yalikaa juu ya mawe miezi kadhaa kwa sababu ya milimita mbili na saini yangu.

Tangu siku hiyo, kabla sijatazama mchoro natazama kona yake. Na natembea na kaunta buku, si simu: simu haiingii kila geti.

Ukitaka kujua fedha za ulinzi zinaishia wapi, fuata sili. Wakaguzi wa Bunge la Marekani wamekuwa wakieleza kwamba takriban asilimia 70 ya gharama ya silaha katika maisha yake yote huenda kwenye kuitumia na kuitunza. Ndege ya mwisho ya B-52, aina ya Wamarekani ya kudondosha mabomu, ilitoka kiwandani mwaka 1962 na aina hiyo bado inaruka. Waliozichora wamezikwa zamani. Anayezirusha leo anategemea watu wa vipuri, wa mikataba na wa kumbukumbu za matengenezo.

Mengine ni ya kupita tu.

Eti lazima uwe mwanajeshi. Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari pale Kibaha, na Mzinga, shirika la risasi pale Morogoro, ziko chini ya Wizara ya Ulinzi na JKT, na zinaajiri raia. Wakenya nao wana kiwanda cha risasi Eldoret, na wanaunda meli Kisumu.

Eti cheti cha usimamizi wa miradi kinatosha. Hakitoshi. Jisajili kwanza kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, fanya miaka mitatu chini ya msimamizi, upate usajili wa mhandisi mtaalamu, halafu ndiyo uongeze hivyo vyeti vya semina ya siku tano. Sajenti wa karakana anakujua kwa swali la kwanza unalomuuliza, wala hasomi vyeti.

Eti kazi ni siri, kwa hiyo huwezi kuandika wasifu. Usiandike magari mangapi yanatembea. Andika kwamba uliongoza mafundi sanifu, uliandaa zabuni, ulipanga matengenezo.

Eti bila mjomba hupati. Mjomba atakufikisha getini. Kitabu cha vipuri hatakusomea.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililonifanya nimwambie arudi tena: "Sasa wao wangeandika saa ngapi kwenye ule ujumbe?"

Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba baada ya saa 20 mtambo ungeanza kukosa shabaha. Mimi ningeandika 8. Takwimu za Waisraeli zilionyesha kwamba baada ya saa 8 dirisha la kulenga, yaani sehemu ya anga ambako mtambo hulitafuta kombora, lilikuwa limeshasogea asilimia 20, na namba hiyo walikuwa nayo mezani siku 10 kabla ya kutuma ujumbe.