Feilova ya voliumu ya pamoja: malizeni fensingi kwanza

Wadau, wengi wanaonifuata kuhusu feilova ya storeji (seva moja ikianguka nyingine inachukua kazi yake) wanataka kujua voliumu itahamaje kutoka seva A kwenda seva B, na mi huwa nawarudisha nyuma kidogo sababu kuhama ni rahisi, kazi iko kwenye kuwa na uhakika kwamba A imeshaiachia, na kuhakikisha hivyo kwa nguvu ndo fensingi.

Chukua seti ya kawaida kabisa: seva mbili za Linux, SAN moja (storeji ya pamoja kwenye mtandao), LUN moja (diski inayotolewa na SAN) inayoonekana na seva zote, juu yake LVM (inayogawa diski kuwa voliumu) na failisistimu ya XFS au ext4, klasta (kundi la hizo seva) inasimamiwa na Pacemaker, inayowasha na kuhamisha huduma, na Corosync, inayobeba mawasiliano kati ya seva. Sasa XFS na ext4 zinaamini anayeandika ni mmoja tu. Seva zote mbili zikiimaunti voliumu kwa pamoja kila moja inafuata kilichopo kwenye memori yake, haijui mwenzake kaandika nini, wanafutiana data na unaweza usigundue mpaka siku database imegoma kufunguka. Kama unataka seva zote ziandike kwa wakati mmoja hiyo ni GFS2 au OCFS2 (failisistimu za klasta), habari nyingine.

Tatizo ni kwamba B ikiacha kusikia A haiwezi kujua kama A imekufa au ni kebo tu imechomoka. Akidi (kura ya wengi kati ya nodi, yaani seva za klasta) haisaidii sana hapa maana nodi ziko mbili, hakuna wa tatu wa kuamua, ndo maana Corosync ina setingi ya two_node inayoruhusu nodi moja iendelee peke yake, na ukishaiweka hiyo basi fensingi ni lazima: B inaizima A kwa nguvu, inapata uthibitisho, ndo inachukua voliumu.

Wengi wanatumia fence_ipmilan, inayoizima seva kupitia BMC (chipu ya kuisimamia seva kwa mbali). Nzuri, ila BMC inakula umeme uleule wa seva, kwa hiyo A ikikosa umeme kabisa BMC nayo imezimika, B inatuma amri haijibiwi, klasta inaganda na voliumu haihami. Hapo iko sahihi kabisa! Lakini ndo hapo mtu anapaniki anaweka stonith-enabled=false (yaani anazima fensingi), na nawaomba sana msifanye hivyo. Wekeni ngazi ya pili ya fensingi, PDU (kigawa umeme) inayozimika kwa mtandao au fence_scsi, hii inafuta ufunguo wa A kwenye storeji yenyewe kwa kutumia rizevesheni za SCSI-3 (kufuli za nani aruhusiwe kuandika), A hata kama iko hai haiwezi kuandika tena. Alafu kwenye kifaa cha kuizima A weka pcmk_delay_base (muda wa kusubiri kabla ya kuzima) ya sekunde kadhaa, kebo ikikatika A inawahi na hazizimani zote mbili.

Yaliyobaki ni mepesi. Grupu moja, kwa mpangilio huu: LVM-activate, Filesystem, IPaddr2, kisha huduma yako, Pacemaker inawasha kwa kufuata mstari huo na kuzima kinyume chake. Kwenye lvm.conf weka system_id_source iwe uname (jina la seva ndo alama ya mmiliki), na voliumu itoe kwenye fstab (orodha ya vinavyomauntiwa seva ikiwaka), mwenye ruhusa ya kuimaunti abaki Pacemaker tu.

Kwenye kutesti, pcs node standby (kuipumzisha nodi) haitoshi, pale A inaachia kila kitu kwa utaratibu, siku ya ajali haiko hivyo. Chomoa kebo za Corosync. Angusha kerneli kwa echo c > /proc/sysrq-trigger. Kisha chomoa umeme, waya zote mbili za pawasaplai, uone kama ngazi ya pili ya fensingi imeitikia kabla voliumu haijawaka kwa B.