Mbona tunakupima tena kabla ya kukupa PrEP

PrEP ni dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe. Tangu Shirika la Afya Duniani lipendekeze sindano ya lenacapavir kwa kinga hiyo Julai 2025, maswali kliniki yameongezeka, na manung'uniko pia. La kwanza ni hili: "Daktari, si mlinipima juzi tu? Tena ya nini?"

Kipimo cha VVU hakiondoki, iwe kidonge au sindano. PrEP ni ya asiye na virusi. Vidonge tunavyotoa vina dawa mbili, ilhali tiba huhitaji tatu. Aliyeambukizwa bila kujua akimeza hizo mbili pekee, virusi huzizoea, na ndizo tulizotarajia kumtibu nazo. Ndiyo maana tunapima siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, halafu kila miezi 3. Figo nazo tunaziangalia. Ukikosa tarehe hatukufokei; tunapima upya, ndipo chupa itoke. Kinga tunaihesabu baada ya kumeza siku 7 mfululizo. Aliyejihatarisha jana haanzi na PrEP, anaanza na PEP, dawa za dharura baada ya kujihatarisha: ndani ya saa 72, kwa siku 28.

Majibu yako ni siri chini ya sheria ya Kenya ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2006. Mhudumu akiyatoa bila idhini yako, lipo baraza maalumu la kisheria la kusikiliza malalamiko kama hayo. Litumie.

Kisha wapo wanaosema Wakenya tunafanyiwa majaribio. Hao wamechelewa. Majaribio ya vidonge vya PrEP yalifanyika hapa na Uganda, kwa jozi 4,747 za wachumba na wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Kituo cha Thika kiliongozwa na Dkt. Nelly Mugo, daktari wa wanawake na mtafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Julai 2011 vidonge vya kulinganishia, visivyo na dawa, vilisimamishwa kwa sababu jibu lilikuwa wazi: tenofovir, moja ya zile dawa mbili, ikiwa pekee ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, zikiwa mbili asilimia 75. Marekani ilipoidhinisha PrEP mwaka 2012, ilitegemea pia matokeo hayo ya kwetu. Sisi wenyewe tulianza kuitoa nchi nzima Mei 2017! Baadaye Dkt. Mugo aliongoza utafiti ulioonyesha, kwa wasichana wa Kenya, kuwa dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, inakinga.

Kuhusu chupa: najua vidonge 30 hulia mkobani kama kayamba. Tia pamba. Ila usivihamishie kwenye karatasi wala mkebe wa majani chai, unyevu huviharibu. Na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani usikitupe.